Mgeni wa Mgeni

Nsanzimana aliporudi na viti vya plastiki vya kukodi, Uwamariya akajua kwamba mama mkwe wake ameshauawa. Volkano haikumwua. Aliuawa na kikao cha ukoo, bila maiti na bila shahidi, kwa sababu watu wazima walikuwa wamechoka kungoja.

Viti vilipangwa uani kwa Nsanzimana, mtaa wa Ndosho, ambako familia ya mdogo wake ilikuwa imejibanza tangu volkano ilipowaka na wakaazi wa mtaa wa Mapendo wakaamriwa kuhama. Ardhi ilikuwa bado inatikisika mara kwa mara. Ikitikisika, viti vilikwaruzana juu ya mawe meusi, watu wakavishika, kisha wakaendelea na yao.

"Kesho, kisha ya misa, tunakaa matanga," Nsanzimana alisema. Alikuwa mkubwa wa familia, mchuuzi wa ng'ombe, mtu ambaye hakuridhika kusema neno mara moja. "Matanga ya mama yetu. Kesho. Nimeshaita batu."

"Shemeji, hatujaona mwili," Uwamariya alisema.

"Mwili? Unataka mwili? Nani alimupandisha mama mu camion ya batu wenye hajui? Ni miye? Ni Ézéchiel?"

Ézéchiel, mume wa Uwamariya, alikuwa pale pale akifunga kamba ya turubai, na hakuinua uso. Asubuhi ile ya kuhama yeye alikuwa Minova kufuata mbao za karakana yake. Mkewe ndiye aliyebaki na watoto, na godoro, na mama mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma tangu zamani. Lori moja lililojaa watu lilipopunguza mwendo, nafasi ilikuwa moja tu. Uwamariya alimsukuma mkwewe juu, akamrushia chupa ya maji, akamwambia watakutana kanisani katika mji wa Sake, walikokimbilia wengi, kisha akaenda Sake kwa miguu na watoto. Kanisani mkwewe hakuwako. Shuleni hakuwako. Uwanjani, walikolala watu na magunia yao, hakuwako pia. Mwishowe alirudi na watoto hadi Ndosho, kwa shemeji yake, bila mama mzee.

"Nafasi ilikuwa moja," Uwamariya alisema. "Kama ningepanda miye, mungesema nini?"

"Leo tungekuwa tunazungumuza na mama!"

Hilo halikuwa jibu, maana kama Uwamariya angepanda yeye, mama mzee angebaki Mapendo na magoti yake. Lakini lilisemwa kwa sauti kubwa, na uani pale sauti kubwa ilihesabiwa kuwa akili.

"Leo saa tisa bazee banakuya kukaa juu ya mambo yako," Nsanzimana akaendelea. "Na kisha ya matanga tutaita bakaka bako ba Rutshuru, bakuye kukuchukua. Mwanamuke mwenye amepoteza mama ya batu hawezi kubakia mu nyumba ya bale batu."

Uwamariya alimgeukia mumewe. Kaka zake wenyewe walikuwa wamefukuzwa na waasi mara mbili, wakarudi kwenye kijiji kisicho na mabati. Wangempokea, ndiyo, lakini angefika kwao kama mtu aliyetupwa, akiwa na binti wa chuo kikuu na watoto wadogo wawili, na kila mtu sokoni Rutshuru angejua sababu.

"Tungoje kwanza," Ézéchiel alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba hakuna aliyelazimika kumsikia.

Uwamariya akainama kuchukua mwiko, ili mikono ipate kazi. Élisabeth, mke wa Nsanzimana, akamtoa mwiko ule mkononi, taratibu kabisa.

"Acha, mama Héritière. Bugali ya matanga tutapika siye."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwondolea mgonjwa kazi nzito, na wanawake wengine wakatazama pembeni. Uwamariya alikaa juu ya jiwe karibu na choo, mikono mitupu. Hakuwa amewahi kuona aibu kama ile tangu aolewe.

*

Héritière, binti yake mkubwa, hakuwepo nyumbani. Alikuwa katika ukumbi wa parokia, barabara ya kwenda Sake, mahali pekee pa jirani palipokuwa na jenereta. Alisoma informatique, yaani elimu ya kompyuta, na tangu mji uhame kazi yake ilikuwa ukurasa wa intaneti uitwao Batu Betu, yaani Watu Wetu, ambapo watu waliopotezana walitafutana.

Ukurasa wenyewe ulikuwa rahisi, na Héritière aliujivunia urahisi huo kupita kiasi. Kamate na vijana wengine wa parokia walizunguka Sake na vijiji vya karibu wakiandika katika simu nani amefikia wapi. Héritière hakunakili majina hayo kwa mkono. Alikuwa ametengeneza kiolezo, yaani ukurasa wenye nafasi tupu, akakiambia: chukua kila mtaa, katika kila mtaa, chukua kila nyumba, katika kila nyumba, andika mwenye nyumba na watu wake. Faili ya Kamate ikiingia, kiolezo kinajijaza chenyewe, na mtu aliye Bukavu au Gisenyi anafungua simu yake anasoma.

Wengi walikuwa wameonana kwa njia hiyo. Mbele ya dirisha la ukumbi watu walipanga mstari tangu asubuhi, na mara mojamoja mtu alipiga kelele za furaha, wengine wakampigia makofi kwa wivu. Héritière mwenyewe alipekua ukurasa kila siku kabla ya kuwafungulia watu dirisha. Jina la Koko wake Nyirakamana, mama wa baba yake, halikuwamo. Asubuhi ile alikuwa ameacha viti vinashushwa nyumbani, na hakutaka hata kuwaza vilikuwa vya nini.

Katikati ya mchana mama mmoja mnene, mwenye mfuko wa chumvi kichwani, aliupita mstari mzima akaja kugonga dirisha.

"Mama, fuata mustari!" watu wakamwambia.

"Nifuate mustari juu ya matusi yangu?" akajibu. "Miye ni mama Béata wa Sake. Njo wewe unaandikaka hii kitu?"

"Njo miye, mama," Héritière alisema. "Kuna shida gani?"

"Shida? Munanitukanisha, njo shida. Mumeandika: nyumba ya Béata, Béata na batoto bake. Basi! Bageni bangu biko wapi? Nyumba yangu imejaa mpaka miye nalala mu jikoni. Jirani anafungua simu, anacheka, anasema: mama Béata, kumbe wewe haukupokea mutu? Miye! Mu vita ya Masisi nilipokea batu, mu ile ingine nikapokea, leo mulima inawaka munaniandika sawa mutu wa roho mubaya!"

Kila aliyekuwa pale alijua uzito wa shtaka lile. Watu wa Sake wamekimbia vita na kupokea wakimbizi zamu kwa zamu, hata mtu asiye na kitu ana jina lake la kulinda: yule aliyefungua mlango. Kumwandika mama wa namna ile kana kwamba alifunga mlango ni kumvua nguo barabarani.

"Bageni bako ni banani, mama?" Héritière aliuliza, kalamu tayari.

"Jean-Bosco wa Kirotshe na bibi yake."

"Na bengine?"

"Bengine ni ba Jean-Bosco. Alikuja na batu bake, nikawapa nafasi."

"Banaitwaka nani?"

Mama Béata alimtazama kama mtoto asiye na adabu. "Nitaulizaje mugeni wa mugeni wangu jina? Jean-Bosco njo anawajibu. Ukianza kuuliza mutu jina mbele hajakula, anafikiri unatafuta njia ya kumufukuza."

Basi Héritière akageuka nyuma, mahali Kamate alipokuwa anachaji simu yake, matope yamemkauka hadi magotini, na akafanya kosa ambalo alilionea haya siku nyingi baadaye.

"Kamate! Unafikaka ku nyumba ya batu, unaandika tu mwenye nyumba, unaenda kukunywa chai? Ona sasa aibu umetuletea!"

Alilisema mbele ya watu wote. Kamate alikuwa kijana mpole wa kabila la Wanande, jirani yao wa Mapendo tangu utotoni. Hakupandisha sauti.

"Niliandika," alisema.

"Uliandika wapi? Page haina kitu."

"Sijui page yako. Niliingia ku ile nyumba, nikakaa, nikauliza mwenye nyumba bageni bake, nikauliza bageni bageni babo. Siku muzima. Nilitumia yote. Fungua fichier, dada. Usinitukane mbele ya mama za batu, fungua fichier kwanza."

*

Héritière akafungua faili yenyewe, si ukurasa. Hakuwa ameisoma hadi mwisho hata siku moja. Alikuwa ameangalia mwanzo wake tu, akaona mitaa, nyumba na watu, akaridhika, na kiolezo kikaandikwa kwa mwanzo ule.

Sasa alishuka chini zaidi, hadi nyumba ya Béata. Béata alikuwamo na watoto wake. Halafu, ndani ya nyumba ileile, palikuwa na sehemu imeandikwa "wageni", na ndani yake palikuwa na nyumba nyingine nzima: Jean-Bosco, mkewe, na mistari mingine chini ambayo hakungoja kuisoma. Kamate hakuwa ameandika orodha iliyonyooka. Aliandika kama watu walivyomjibu, na watu wa kwetu hawamjibu mwandishi kwa orodha. Wanasema: hawa ni wangu, na huyu ni wangu, na wale kule ni wa huyu. Kila mwenye wageni alifungiwa wageni wake ndani, na kiolezo cha Héritière kilifika mlango wa kwanza, kikasoma majina ya pale, kikaenda nyumba ya jirani. Waliokuwa ndani zaidi hakikuwabishia hodi.

Si nyumba moja. Sake nzima ilikuwa hivyo.

"Kamate," alisema, na safari hii aligeuka kabisa ili watu wa dirishani wamsikie vilevile. "Nisamehe. Uliandika vizuri. Ni miye njo nimekosea."

"Bon," Kamate akasema, akaleta kiti. "Tutengeneze."

Héritière aliongeza mistari michache: katika kila nyumba, ukikuta wageni, waandike nao. Akauweka ukurasa upya. Nyumba ya Béata ikarefuka, Jean-Bosco na mkewe wakaonekana.

"Njo hapo!" mama Béata alishangilia, akageukia mstari. "Bosomee bote! Miye ni mutu wa kupokea batu!"

Watu wakacheka, wengine wakasukumana kutafuta majina yao, na kweli majina mapya yalikuwa yamejitokeza kila mtaa. Héritière alitafuta Nyirakamana kwa haraka, vidole vikimteleza. Hakukuwa na Nyirakamana. Akakumbuka viti.

"Na bageni ba Jean-Bosco?" Kamate aliuliza nyuma ya bega lake. "Mama amesema alikuja na batu bake."

Kumbe! Alikuwa amekifungulia kiolezo mlango mmoja zaidi, basi. Angeweza kuongeza wa tatu. Lakini wa tatu naye angekuwa na wa nne, na nani aliyejua Sake ile watu walipokeana hadi kina gani? Hakuna hesabu ya milango ambayo ungeweza kuiandika mapema. Héritière aliweka mikono kichwani, akakaa hivyo, na watu wa dirishani wakadhani anasali.

"Unafanyaka je, wewe, ukifika ku nyumba?" alimwuliza Kamate ghafla.

"Nafanya je? Nauliza mwenye nyumba batu bake na bageni bake. Kisha naenda kwa mugeni, namuuliza vile vile sawa mwenye nyumba. Hakuna ingine."

"Vile vile."

"Vile vile. Mugeni mwenye iko na mugeni, ni mwenye nyumba."

Ndilo lililokuwa likimkimbia. Akafuta mistari yote ya milango. Akaandika kipande kimoja kidogo tu: andika huyu, andika watu wake, na kwa kila mgeni wake, rudia kipande hikihiki tangu mwanzo. Kipande kijiite chenyewe, kila kikikuta mgeni, hata wakifuatana wangapi. Mistari yake haikuzidi vidole vya mkono mmoja.

Akaweka ukurasa. Ukurasa wote ukatoweka. Majina yote yakaenda, ya asubuhi na ya tangu juzi, na mahali pake pakabaki mstari mmoja wa Kiingereza cha mashine.

"Bameenda wapi?" mtu akalia dirishani. "Bwana yangu alikuwa pale! Nilimuona!"

"Mutupe page yetu ya zamani!" mwingine akafoka. Mwanamke mmoja wa kambi ya Katindo, mke wa askari, akapiga kioo cha dirisha kwa kiganja. Hata mama Béata, ambaye heshima yake ilikuwa imezikwa tena, akaanza kutafuta mfuko wake wa chumvi kwa hasira.

Héritière alisoma ule mstari mara moja, mara mbili, asielewe, kisha akaelewa. Kiolezo kilikuwa kimefika kwa mtu asiye na mgeni yeyote. Kamate, kwa mtu wa namna hiyo, hakuandika neno "wageni" kabisa, na kwa nini aandike? Mashine ilitafuta sehemu isiyokuwepo, ikakasirika, ikaangusha kila kitu.

"Kama iko na bageni," Héritière alinong'ona huku akiandika. "Kama hana, mumuache apumuzike."

Akaweka tena.

Majina yakarudi, lakini hayakuwa yale ya asubuhi. Ukurasa ulishuka, ukashuka, kila mgeni akisogezwa kidogo kulia chini ya aliyempokea, na wa kwake kulia zaidi, hadi majina mengine yakawa karibu na ukingo wa kioo cha kompyuta. Dirishani kelele ziligeuka. Mtu alitaja jina, mwingine akataja jina, mzee mmoja akaomba asomewe tena, tena, tena, kisha akavua kofia. Kamate aliitazama kazi yake yote, ambayo mpaka saa ile hakuna aliyekuwa ameiona.

Héritière alishuka hadi nyumba ya Béata. Chini yake Jean-Bosco. Chini ya Jean-Bosco: *Nyirakamana, mukecuru, mama muzee, mutu wa Masisi, anaikala Mapendo.*

Na chini ya Nyirakamana, kulia zaidi, palikuwa na jina lingine: *Mahoro, mutoto mwanamuke.* Bibi aliyepotea, mgeni wa mgeni, alikuwa na mgeni wake.

"Koko," Héritière alisema. Halafu akasema kwa nguvu, "Koko! Kamate, uliona Koko yangu!"

"Niliona bakecuru wengi," Kamate alisema kwa masikitiko ya kweli. "Tangu lini najua jina ya koko yako? Siye bote tunamuitaka Koko."

*

Wazee walikuwa wamekaa tayari. Viti vilivyokodiwa kwa msiba vilifaa pia kwa hukumu, na Nsanzimana hakuwa mtu wa kuacha vitu vilale bure. Uwamariya alikaa mbele yao kwenye mkeka, kitenge chake kimefungwa vizuri, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba wakimfukuza watamfukuza akiwa nadhifu.

"Hatukuchukii," mzee mmoja wa ukoo alikuwa akimweleza. "Lakini mama ya batu si muzigo ya kuweka mu camion."

Moto-taksi ikasimama mlangoni. Héritière akaruka chini, nyuma yake pikipiki ya pili na mama Béata na chumvi yake, kwani mama Béata alikuwa amekataa katakata kuachwa nje ya jambo hili.

"Papa! Koko ni muzima!"

"Batoto habaingii mu mambo ya bazee," Nsanzimana alisema.

"Papa mukubwa, ni muzima, iko Sake, ona." Akamsukumia simu.

Nsanzimana alisoma akiwa ameiweka simu mbali na macho. "Hii ni intaneti. Ku intaneti mutu anaweza andika hata kama miye ni mufalme. Na kwa nini jana haikuwa?"

"Juu jana nilikuwa nimetengeneza mubaya. Alikuwa ndani zaidi."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya Jean-Bosco!" mama Béata akajibu kwa kelele kutoka mlangoni. "Na Jean-Bosco iko ndani yangu! Sasa unabisha nini, papa? Mama mwenye muguu mubaya, anaongeaka Kinyarwanda ya Masisi, anakatazaka batoto kutupa maganda ya maharagi? Analala mu chumba yangu!"

Maganda ya maharagwe! Ézéchiel alisimama. Alikuwa amekaa kimya siku zote zile akiogopa kutumaini, na sasa akaichukua simu mkononi mwa kaka yake bila kuomba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Namba ya Jean-Bosco ilikuwa imeandikwa kando ya jina. Aliibonyeza, akafungua sauti ili wote wasikie. Iliita muda mrefu. Mwanamume akajibu, akaambiwa, akasema ngoja. Wakasikia kuku, wakasikia mtoto anauliza kitu, wakasikia mtu anahema.

"Allô," sauti ya kizee ikasema, kali kabisa. "Ni nani?"

"Mama, ni Ézéchiel."

"Ézéchiel! Bado uko Minova?"

Uani watu wakacheka, kicheko cha ghafla kilichowashtua wenyewe. Nsanzimana alisogeza mdomo kwenye simu. "Mama, ni miye, Nsanzimana. Siye bote tuko hapa. Tulikuwa tunakulilia."

"Acha hiyo. Uwamariya iko wapi?"

Hakuna aliyesema kitu.

"Munanyamaza?" sauti ikapasuka. "Basi ni kweli. Nilijua. Alinipa nafasi yake, akaenda na miguu na batoto, na mulima inanguruma. Miye magoti ilikataa kufika ku kanisa, Jean-Bosco wa camion akanileta hapa, nimeuliza kila mutu mwenye anapita. Kila mutu! Munifiche nini tena? Amekufa na batoto?"

"Mabukwe, niko hapa," Uwamariya alimjibu mkwewe kutoka mkekani.

Simuni yakatoka maneno ya Kinyarwanda, mengi, ya haraka, maombi na makaripio mchanganyiko, na mwisho wake Kiswahili, kwa wote: "Mutu asikuye kunichukua isipokuwa yeye. Aliniweka mu camion, njo yeye atanitosha hapa. Mumesikia?"

"Tumesikia, mama," Nsanzimana akajibu, mkubwa wa familia, akitazama viatu vyake. Baada ya kitambo akaongeza kwa walio karibu naye kwamba yeye alijua tu, tangu mwanzo alijua mama ni mzima, na alikuwa akiwaambia. Wazee waliitika kwa heshima, kwani na wao walikuwa wanatafuta namna ya kutoka.

Ézéchiel alimwendea mkewe, akainama, akampa mkono ainuke. Mbele za watu, kwao, mume hafanyi hivyo. "Nilipashwa kusema," alimwambia. "Sikusema. Unisamehe."

"Tutaongea ku njia," Uwamariya akajibu. Hakuwa tayari kusamehe yote kwa mara moja, na kwa nini awe? Lakini aliushika mkono ule.

*

Walifika Sake kabla ya jua kuzama. Mama Béata aliwatangulia, akiwaamuru watu wote wa mtaa wake watazame nani amekuja nyumbani kwake.

Nyirakamana alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, anachambua maharagwe, na msichana mdogo amemwegemea pajani. Alikuwa amekonda. Alimwona mwanawe, akamwona mjukuu wake, akawapungia kama watu aliowaona jana. Uwamariya alipokaribia, mwanamke mzee aliacha ungo ukaanguka, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku kama anayekagua kitambaa.

"Huyu ni nani, Koko?" Héritière aliuliza, akimwonyesha mtoto.

"Mahoro. Nilimukuta mu camion, analia peke yake. Ni wangu mpaka mama yake atokee."

"Sasa atatokea. Jina yake inaonekana."

Nyirakamana hakumsikia. Bado alikuwa ameushika uso wa mke wa mwanawe.

"Wewe," alimwambia. "Nimeshakulilia. Nimekulilia mpaka macho imevimba, nikakuombea misa, nikakuaga. Machozi ile yote, nani atanirudishia sasa?"

Uwamariya alitaka kucheka, na kweli akaanza kucheka, halafu akaketi chini mavumbini kati ya maharagwe, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya mumewe na binti yake na mtaa mzima wa mama Béata, kilio chote alichokuwa hajapata mahali pa kukiweka. Hakuna aliyemnyamazisha. Mkwewe alimngoja hadi akamaliza, akamfuta pua kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe.

"Basi," akasema. "Umenilipa."